Mnamjua anayechekesha, anayeandika je?

Beverly Hills, Marekani, miaka ya 40. Kuna kinyozi mmoja mhamiaji kutoka Latvia anaitwa Harry Gelbart, mzee wa maneno, vinyozi mnawajua wenyewe. Kati ya wateja wake yumo Danny Thomas, mchekeshaji aliyekuwa na nafasi kwenye kipindi cha redio, na kila akikaa kwenye kiti mzee anaanza, kijana wangu bana, yuko sekondari ila mkali, anaandika vitu vya kuchekesha balaa, mwangalie basi hata siku moja. Danny Thomas akasema haya, aandike kitu nikione (mimi naamini ni kwa sababu mwenzie kashika wembe). Dogo akaandika, kikapendwa, akaajiriwa. Miaka 16.

Huyo dogo ndo Larry Gelbart. Aliandika redio, akaandika TV, akaandika jukwaani, akaandika sinema, mpaka anafariki 2009 akiwa na miaka 81 kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kukaa chini na kuandika maneno ambayo mtu mwingine atayasema halafu huyo mwingine ndo apigiwe makofi.

Nimeanza na huyu kwa sababu hapa Tabora nikimwambia mtu naandika vichekesho swali la kwanza siyo unalipwa shingapi, swali ni "kwani vile vinaandikwa?" Yani watu wanajua mchekeshaji anafika, anafungua mdomo, basi. Wakishakubali kwamba vinaandikwa wanataka niwachekeshe pale pale, kwenye foleni ya benki. Mimi mtu wa kimya jamani. Nyumbani kwangu mcheshi ni mke wangu, mimi namwibia tu maneno yake napeleka studio, na yeye anajua.

Siwalaumu lakini. Sisi wa bara hatukuwa na kituo cha TV mpaka 1994, Zanzibar wenzetu walikuwa nayo toka miaka ya 70, kwa hiyo kwetu sisi mchekeshaji kwa muda mrefu alikuwa sauti tu inayotoka Radio Tanzania. Waulize wazazi wako kuhusu Pwagu na Pwaguzi uone wanavyoanza kucheka hata hujamaliza kuuliza. Majina ya wahusika watu wanayo mpaka leo, miaka yote hiyo, ila muulize mtu huyo huyo nani alikuwa anakaa na karatasi anapanga nani aanze kusema na nani amkatize, atakutolea macho.

TV ilipokuja tukapata sura. Mzee Small, King Majuto, halafu Ze Comedy pale EATV, kina Joti, Masanja, Mpoki, siku ya kipindi chao hata baa zilikuwa zinazima muziki. Baadaye wakahamia TBC wakawa Orijino Komedi. Na kwenye filamu zetu za vichekesho, nyingi tu, utaratibu unajulikana, dairekta anasimama anasema wewe baba mwenye nyumba, wewe mpangaji unadaiwa kodi, huyu binti yake anakupenda, haya kamera, endeleeni. Wanaendelea. Na wanaweza! Mtu kama Majuto alikuwa anakuangalia tu unacheka kabla hajasema neno, sasa huyo ukampe karatasi ya nini. Ila alipofariki Agosti 2018 kile kiti kikabaki wazi, maana hakuna mahali palipoandikwa kinakaliwaje.

Hapo ndo nina ugomvi na watu wa fani. Tuna sura nyingi kuliko tunavyostahili, ila kalamu hatuna, na tusichotaka kuambiana ni kwamba sura ikihama, ikiumwa, ikigombana na bosi, kipindi kimekufa.

Waingereza waliliona hili mapema. Mwaka 1948 vijana wawili, Ray Galton na Alan Simpson, walikutana wamelazwa hospitali moja ya kifua kikuu huko Milford, Surrey. Wagonjwa, hawaruhusiwi kutoka, hawana la kufanya, wakaanza kuandika vichekesho kwa ajili ya redio ya ndani ya hospitali. Walipotoka wakapeleka kazi BBC, na mwaka 1954 wakaanza kumwandikia mtu anaitwa Tony Hancock kipindi cha redio cha nusu saa, 1956 kikaenda na TV. Hancock akawa staa wa nchi. Sasa staa akiwa staa si unajua, 1961 akaona anaweza bila wale wawili, akaachana nao. Mwaka uliofuata wao wakaandika habari za baba na mwanae waokota skrepa wenye mkokoteni wa farasi, wanachukiana na hawawezi kuachana, ikapendwa mpaka Wamarekani wakaichukua wakaifanya yao. Hancock sura ilikuwa ile ile, sauti ile ile, ila hakupanda tena alipokuwa, na 1968 alijiua huko Sydney. Sisemi ni kwa sababu ya skripti, mtu ana mambo yake mengi na pombe ilikuwemo. Ila nikisoma ile historia huwa naangalia tu ule mwaka 1961.

Turudi kwa Gelbart. Moja ya vipindi vya redio alivyoandikia akiwa bado kijana kabisa ni Duffy's Tavern, stori za baa ya Duffy, na kitu kizuri ni kwamba Duffy mwenyewe mwenye baa haji kamwe. Anapiga simu tu. Msikilizaji hamsikii Duffy, anamsikia meneja wa baa anavyojibu, ndiyo bosi, hapana bosi, aah bosi hiyo sahani ilivunjika yenyewe. Huyo Duffy ndo mtu mkubwa kuliko wote kwenye kipindi na hajawahi kulipwa hata senti kwa sababu hayupo!

Hiyo mbinu nimeiiba mchana kweupe. Kwenye kamchezo kangu ka redio hapa mjini kuna mwenye nyumba ambaye hatumsikii, tunawasikia wapangaji wakiongea nae kwenye simu, na unajua kilichotokea? Kila mtu akajua ni mwenye nyumba wake. Mmoja ananisimamisha pale Soko Kuu, "yule si mzee fulani wa Ng'ambo?", mwingine anakuja na kuapa kabisa kwamba ni mama mwenye nyumba wake wa Kiloleni, anaita majina, nikamwambia mama yangu mimi Kiloleni sijawahi hata kupanga. Ningemwekea sauti angekuwa mtu mmoja. Kwa kuwa hana sauti kawa wenye nyumba wote wa Tabora. Redio ndo inakufundisha hivyo, huna sura ya kukubeba, huna nguo ya kuchekesha, huna kuanguka kwenye tope, una maneno na mlango unaogongwa. Kwetu huo mlango ni meza ya studio, mvua ni mchele kwenye ungo, na treni tulienda kuirekodi stesheni kabisa ikakataa kuja kwa wakati kama kawaida yake, tukaishia kurekodi abiria wanavyolalamika, na ile sauti ikawa tamu kuliko treni yenyewe.

Kutoka redio Gelbart akaingia TV, miaka ya 50, kwenye kipindi cha mchekeshaji Sid Caesar pale kituo cha NBC. Hiki kilikuwa kinarushwa laivu kila wiki, saa nzima, na waandishi wamefungiwa chumba kimoja wanabishana. Ndani ya hicho chumba kulikuwa na Mel Brooks, Neil Simon, Carl Reiner, yani ukitaja waandishi wa vichekesho wa Marekani wa karne iliyopita nusu yao wamepita pale. Mtu anatupa neno, watatu wanalikataa kwa kelele, wa nne analigeuza, linaandikwa. Mwisho wa siku hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani.

Mimi chumba changu ni daftari na jamaa yangu mmoja fundi simu, tunakaa chini ya mwembe (Tabora hata ukitaka kukwepa miembe huwezi, wazee wanasema ni kokwa za watu wa misafara), yeye kazi yake ni moja tu, nikisoma hacheki. Hacheki kabisa. Akicheka najua kimepita. Kuna watu wanaandika peke yao chumbani wanacheka wenyewe, mimi hao nawaogopa.

Ngoja niwaonyeshe inavyokuwa maana najua mtu bado anasema andika tu bana inatoka. Nilikuwa na sini ya msiba. Jamaa anakuja msibani analia kupita wafiwa, kumbe anamdai marehemu. Mara ya kwanza niliandika hivi:

"Jamani nalia kwa sababu marehemu alikuwa na elfu hamsini yangu!"

Fundi simu kanyamaza. Na ana haki, nimeshamwambia msikilizaji kila kitu, kabaki na nini cha kufanya? Nikaandika tena, jamaa analia, analia, sauti inazidi ya mjane, mtu anamshika bega, pole kaka, jikaze, mbona unalia hivyo kuliko sisi wenye msiba. Jamaa ananyamaza kidogo, anapenga kamasi, anauliza:

"Kwani nyie mnamdai shingapi?"

Hiyo ikapita. Elfu hamsini haijatajwa popote, msikilizaji kajipigia hesabu mwenyewe, na ukimwacha ajipigie mwenyewe anacheka kwa sababu anajiona ana akili. Tofauti ya hizo mbili ni sentensi moja na mchana mzima wa kukaa chini ya mwembe, sasa mwigizaji akifika studio akaniambia bro hii nitaiongezea yangu hapa mwisho natamani kuzima umeme.

Na nimesema msiba makusudi. Mtu wa Unyamwezini hahitaji kufundishwa kwamba kucheka na kulia vinakaa nyumba moja. Watani wetu wengi ni watu wa Pwani, utani wa toka enzi za misafara, na mtani akija msibani kwako utajuta. Nimeona mtani kavaa koti la marehemu, kachukua fimbo yake, anatembea kama yeye kabisa, anapita katikati ya waombolezaji anauliza nani kapika ubwabwa huu mbona hauna chumvi mnanizika bila chumvi? Mjane aliyekuwa amelia toka usiku akaangua kicheko mpaka akashikiliwa, halafu kicheko kikageuka kilio tena, hujui kimegeukia wapi. Mtani hajatoka pale mpaka kapewa hela. Ile ni kazi, na inalipwa kuliko ninavyolipwa mimi.

Sasa angalia alichofanya Gelbart. Alikuwa anaishi London, prodyuza Gene Reynolds akamfuata kule, wakatengeneza M*A*S*H, iliyoanza 1972 kwenye kituo cha CBS, habari za madaktari wa jeshi la Marekani kwenye hospitali ya mahema wakati wa vita ya Korea. Sinema ya jina hilo hilo ilikuwa imeshatoka 1970. Gelbart vita ile aliiona kwa macho, alienda Korea kama mwandishi kwenye msafara wa mchekeshaji Bob Hope wa kuburudisha wanajeshi. Kwa hiyo anajua harufu. Wakubwa wa kituo wakataka kile kicheko cha kubandika, kile cha kwenye mashine, watu wasioonekana wanacheka kila sentensi. Yeye na Reynolds hawakutaka. Wakabishana, ikaishia nusu kwa nusu, kicheko kitakuwepo ila daktari akiwa anapasua mtu, kwenye chumba cha upasuaji, hamna kucheka kwa mashine. Mtu akisema kituko mle ndani utaamua mwenyewe kama unacheka au la. BBC walivyoionyesha Uingereza wakaondoa kicheko chote.

Halafu Machi 1975. Mwigizaji McLean Stevenson, aliyekuwa anacheza kanali mkuu wa hospitali, mtu mpole wa kuchekesha, alitaka kuondoka. Kawaida mtu akiondoka kwenye tamthilia anahamishwa kikazi, kaolewa, kaenda kusoma. Wao wakaandika ameruhusiwa kurudi nyumbani, sherehe, machozi ya furaha, kwaheri, helikopta hiyo. Watazamaji wanajua imeisha. Kumbe kuna ukurasa mmoja wa mwisho ambao waigizaji karibu wote hawakupewa mpaka siku ya kurekodi. Kijana wa ofisini anaingia chumba cha upasuaji, hajavaa hata kitambaa cha mdomoni, anasoma ujumbe, ndege ya kanali imetunguliwa juu ya bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Madaktari wanaendelea kushona watu. Basi. Barua zikamiminika, watu wamekasirika, mmetuulia mtu wetu kwenye kipindi cha kuchekesha! Mimi nikasema huyu Gelbart hapa kwetu Unyanyembe wangempokea vizuri tu.

Na sasa njoo kwenye ugomvi wangu. Stevenson kaondoka, mwigizaji mwenzake Wayne Rogers kaondoka, na Gelbart mwenyewe akaondoka baada ya msimu wa nne. Kipindi kikaendelea mpaka Februari 1983, misimu 11, kimedumu kuliko vita yenyewe iliyodumu miaka mitatu, na sehemu ya mwisho iliangaliwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100. Kwa nini hakikufa? Kwa sababu kilikuwa kwenye karatasi. Nani anaongeaje, nani anamchukia nani, kituko kinaingia wapi na kinyamaze wapi, anayekuja anasoma anaendelea. Sisi tungefunga duka ile wiki ya kwanza tukaweka picha ya mshumaa.

Filamu sitaongea sana maana sijaandika filamu na zile klipu zangu za simu siyo filamu hata mkinitukana. Ila hata huko Gelbart aliteseka. Tootsie ya 1982, ile ya Dustin Hoffman anajifanya mwanamke ili apate kazi ya kuigiza kwenye TV, skripti ilipita mikono ya watu kibao. Mwandishi Elaine May alifanya kazi kubwa na jina lake halimo. Gelbart na Murray Schisgal ndo walioandikwa, wakaingia kwenye kugombea Oscar hawakuipata. Redioni unaandika Jumatatu kinasikika Ijumaa, kwenye filamu unaandika leo, mwaka kesho kutwa mwingine kafuta.

Angalau Wamarekani jina wanaligombania. Wana chama cha waandishi, kikisema mgomo ni mgomo, 2023 waligoma siku 148 na vipindi vya usiku vikazimika siku ile ile kwa sababu wale watangazaji wacheshi mnaowaona kumbe nao wanaandikiwa. Mimi hapa kituo kimoja, sitakitaja, kilinilipa vocha. Vocha ya simu. Na siku wanatangaza waandaaji wa kipindi wakamshukuru fundi mitambo, mwigizaji, mwenye duka aliyedhamini, na "wengine wote". Halafu juzi kati nakutana na klipu, mtu wa Dar ambaye simjui, kaigiza yule mpangaji wangu na simu yake neno kwa neno, hata kukohoa kafanya pale pale nilipoandika akohoe, watu wanakoment eti wewe jamaa una kipaji. Mke wangu akanikumbusha kwamba ile sehemu ya kukohoa ni yake.

Kwa hiyo kwa anayeandika, sikilizeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo toka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi. Ila wazo tupu halilindwi. Ukikaa kijiweni ukasema "nina wazo la mwenye nyumba asiyeonekana", hilo ni la kila mtu, lilikuwa la Duffy kabla halijawa langu. Kinacholindwa ni ulichokiandika, kwa hiyo andika, weka tarehe, weka jina, mtumie mtu kwa barua pepe kabla hujaisoma mbele ya watu. Mdomo hauna risiti.

Sasa hivi naandika mfululizo mpya, abiria wanaosubiri treni ya kwenda Mpanda hapo stesheni, na treni haitafika, hilo nawaambia kabisa mapema ili msije mkasema nimewadanganya. Natafuta waigizaji wanne, mmoja lazima awe mama mtu mzima mwenye sauti nzito. Hela ipo ila siyo ya kujengea. Tunarekodi Cheyo, jioni, baada ya watu kutoka kazini. Ukija utapewa karatasi, utasoma kilichoandikwa, na ukifika mwisho wa sentensi utanyamaza. Kama una kipaji cha kuongezea yako pale mwisho naomba ubaki nacho huko huko, kuna jamaa wa Dar anakihitaji.